Wewe Ndiye Uliyeona Kwanza

Tekla mwanangu,

Salamu naziruka, kwa sababu asubuhi umeniamkia na nimekuitikia, na hakuna aliyesafiri bado. Mambo ya ndoo, sabuni na kutoazima nguo za watu bibi yako ameshakuambia mara tatu, na atakuambia tena kesho kituoni mbele za watu. Mimi sitayarudia. Nina jambo moja tu, na kwa kuwa nikilisema kwa mdomo nitalikatisha katikati, nimeamua kuliandika. Unanijua. Hata padri akinisalimia naangalia viatu vyake.

Ni Jumapili, saa nane mchana. Umekwenda uwanjani kuwaaga wenzako. Nimekaa chumbani kwangu, begi lako liko mlangoni limefungwa, na sihisi kitu. Nakuambia mapema ili usije ukatafuta alama za machozi kwenye karatasi hii. Bibi analia tangu juzi. Akichota maji analia, akikuna nazi analia. Mimi nimefunga zipu ya begi lako kama ninavyofunga mfuko wa chumvi. Ni ganzi. Ukiukalia mguu muda mrefu, unauona upo, unaugusa, lakini ni kama mguu wa mtu mwingine. Nimekuwa hivyo mwaka na nusu sasa, tangu mama yako afariki. Usifikiri ni kwamba sijali unaondoka.

Najua wenzangu hucheka nikikuita mwanangu. Siku ile Rehema alisema mbele ya darasa zima, "Eti mwanangu! Ulimzaa ukiwa chekechea?" Tumepishana miaka mitano, ni kweli. Lakini mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu, hivyo ndivyo tulivyolelewa, na tangu dada Devota aondoke wewe mwenyewe uliacha kusema "mama mdogo" ukawa unasema "mama" tu. Sikukuambia uache. Basi naandika kama mama, ingawa sijui vizuri mama huandikaje.

Jambo lenyewe linaanzia kwa yule kocha mwanamke aliyekuja mwezi wa kumi kuchagua wasichana wa shule ya michezo. Wewe ulijua umechaguliwa, ukaruka, ukaenda kumkumbatia bibi. Hukujua aliyoniambia pembeni, akidhani mimi ni dada yako.

Alisema, "Huyu namba sita wenu ana macho. Anaona kabla ya wote uwanjani. Halafu anafika wa mwisho."

Nikaangalia viatu vyake.

"Nimemtazama dakika sitini," akasema. "Pasi inakuja, yeye ameshaigeukia, ameshajua inakwenda kwa nani. Kisha anasimama. Kama mtu anayesubiri aruhusiwe. Ni nani aliyemfundisha kusubiri?"

Nikasema sijui.

"Haya. Nitamchukua kwa muhula mmoja wa majaribio. Macho hayo hayafundishwi, nayataka. Lakini akiendelea kusimama hivi, Juni atarudi nyumbani, na mahali pake nitampa mwingine."

Sikukuambia. Nilifikiri utakwenda, utacheza, utajua mwenyewe. Lakini nimekutazama miezi hii mitatu na bado unasimama. Nami najua kwa nini unasimama, na ni nani aliyekusimamisha. Nikinyamaza, utakwenda kusimama huko mpaka Juni.

Nianzie mbali kidogo, maana kosa langu lina mizizi.

Unajua sote tulikulia kwenye dungu. Kabla yako nilikuwa mimi, na kabla yangu mama yako. Mpunga ukianza kuiva shambani kwetu Namawala, mtoto anapandishwa juu ya lile jukwaa la miti na kombeo lake na madonge ya udongo, anaamia ndege tangu alfajiri mpaka jua linazama. Devota ndiye aliyenifundisha. Alikuwa akisema usitazame kundi lote, utaona kizunguzungu tu. Tazama ukingo wa kundi, wale ndege wachache wa pembeni. Wao wakiinama, kundi lote litainama upande huo. Na ukishaona, rusha hapo hapo, kabla hawajatua, kwa sababu kwelea, hao ndege wa mpunga, wakishatua wamekula. Usipoteze hata pumzi moja.

Nilikuwa hodari. Nilikuwa narusha donge mahali ambapo ndege hawajafika bado, nao wanakuta limeshawatangulia. Mama yako alicheka mpaka akaketi. "Huyu mtoto anawaloga!"

Kwa hiyo nilipofika sekondari na Mwalimu Zuhura akaniweka namba sita, kazi ya kukaa mbele ya mabeki na kuzima mashambulizi, nilidhani nimeshaijua. Mwezi mzima hakuniruhusu kugusa mpira. Alinisimamisha katikati, wasichana sita wakawa wananijia wakipasiana, na mimi kazi yangu ilikuwa kutamka tu: kulia, kushoto, mrefu, kabla pasi haijapigwa. Sauti haikutoka. Unaweza kufikiria, mimi kupiga kelele mbele ya watu.

"Sema!" akasema Mwalimu Zuhura. "Au unaogopa mpira utakusikia?"

Wakacheka wote. Nikasema "kulia" kwa sauti ya mtu anayeungama. Pasi ikaenda kushoto.

"Ulikuwa unatazama nini?"

"Mpira, mwalimu."

"Mpira unatazamwa na mashabiki. Wewe tazama kiuno cha mwenye mpira. Na mguu aliousimamia, kidole gumba chake kinaelekea wapi. Halafu mwache yeye, mtazame beki wao wa pembeni, yule ambaye hakuna anayemsifu. Yule akianza kupanda kabla mpira haujafika kwake, ujue wameshapatana."

Hiyo ndiyo niliyokufundisha na wewe, nawe uliishika haraka kuliko mimi. Ni ile ile ya ukingo wa kundi. Wale wa pembeni hawajui kuficha, kwa sababu hawadhani kuna mtu anawatazama.

Kulikuwa na jambo la pili ambalo sikukuonyesha. Mwalimu Zuhura alileta pumba za mpunga kutoka mashineni, kiroba kizima, akazimwaga chini nilipokuwa nasimama, akazisawazisha kwa ufagio. Kila shambulizi likiisha, ananiambia niruke pembeni, kisha tunainama wote wawili kutazama alama za miguu yangu. Alitaka kuona hatua yangu ya kwanza ilikwenda wapi. Siku za mwanzo ilikuwa inarudi nyuma, nusu hatua, hata nikiwa nimesoma sawasawa. "Hii ni hatua ya woga," alisema. "Kichwa chako kimeshafika kulia, mguu wako unaomba radhi." Baada ya wiki nyingi za pumba hatua ile ilikufa. Nikawa naona na kwenda kwa wakati mmoja, kama kwenye dungu.

Hivyo ndivyo tulivyofika mechi ya mwisho, nilipokuwa kidato cha tatu, tukacheza na wasichana kutoka upande wa mashamba ya miwa. Wale ni watoto wa kila kabila, wazazi wao wamekuja kufanya kazi ya miwa kutoka Songea, Iringa, Mwanza, na wana midomo. Namba kumi wao alikuwa mfupi, kichwa amekinyoa, na tangu kipenga cha kwanza alikuwa ananisemesha.

"Namba sita, mbona unaniangalia kiuno? Umetumwa na kaka yako?"

Mimi macho kiunoni pale pale.

"Mwambie alete mahari, nyumbani tunapokea hata kuku."

Hata mabeki wetu walicheka. Nilimnyang'anya mpira mara nne kipindi cha kwanza. Kila alipogeuza kiuno nilikuwa nimeshafika. Akaacha kuongea, nikafikiri nimemmaliza. Kumbe alikuwa ananisoma. Alikuwa ameshaona kwamba mimi nakwenda kwenye hatua ya kwanza ya mwenye mpira, siku zote, bila kukosa. Dakika za mwisho kabisa akaja katikati, akageuza kiuno kushoto, akasimamisha mguu, kidole kikaelekea kushoto, kila kitu kikasema kushoto. Nikaenda. Akauvuta mpira kwa unyayo, akapita kulia nilikotoka. Hakuharakisha hata kidogo. Nilisikia wavu.

Alinipita akirudi katikati ya uwanja, akaniambia kwa upole kabisa, "Pole, dada. Unajua sana, lakini una haraka."

Ndege hawanuii kukudanganya. Kwelea akiinama kushoto anakwenda kushoto. Nilikuwa nimewasoma watu kama ndege, na hilo ni kosa ambalo labda ni sisi tu tuliokulia kwenye dungu tunaoweza kulifanya. Mwalimu Zuhura hakunigombeza. Alinikuta nimekaa nyuma ya goli akasema, "Uliona vizuri. Ila mjanja anakupa hatua ya kwanza bure. Mara nyingine subiri ya pili." Alisema *mara nyingine*. Mimi nilisikia kwamba nisubiri siku zote. Kwa sababu ya aibu ya lile goli nilijiapia kwamba sitakwenda tena kwenye hatua ya kwanza ya mtu yeyote, kwa jambo lolote.

Hiyo ilikuwa wiki tatu kabla ya siku ile ya Namawala.

Sasa nafika mahali ambapo kwa mdomo ningekatisha. Nitaandika kama ilivyokuwa, bila kupamba.

Ilikuwa Jumamosi. Shule haikuwapo, tulikuwa shambani watatu, mama yako, wewe na mimi. Bibi alibaki mjini na mguu wake unaomsumbua. Mpunga ulikuwa umeinama, umebaki siku chache za kuvuna. Wewe ulikuwa kwenye dungu la juu, mimi nafyeka majani ukingoni, mama yako alikuwa upande wa bondeni na debe lake la kupiga kufukuzia ndege. Alikuwa amejifunga kitenge mabegani na jua lilikuwa kali. Asubuhi alisema kichwa kinamgonga kidogo. Akanywa dawa ya maumivu, akaenda zamu yake.

Wewe ukashuka. Nilikuona unakuja unakimbia juu ya kingo za majaruba, nikataka kukukemea kwa kuacha dungu.

Ulisema, "Mama mdogo, mama hapigi debe."

"Anapumzika."

"Ndege wametua mbele yake. Wanakula."

"Amechoka, Tekla. Rudi juu."

"Hajachoka," ukasema. "Anawatazama lakini hawaoni."

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilinyanyua kichwa nikatazama kule chini, nami nikaona. Nataka ulijue hili vizuri: niliona. Alikuwa amekaa juu ya tuta, kichwa kimeinama upande, debe liko miguuni, na kwelea wamejaa kwenye mabua hatua tano kutoka kwake. Devota, aliyenifundisha kutopoteza hata pumzi moja. Hakuna dalili iliyo wazi kuliko ile. Mwili wangu ulishageuka kuelekea kwake, nakumbuka hata panga niliangusha.

Ukasema, "Twende tumpeleke zahanati. Twende sasa hivi."

Nikasema, "Subiri kwanza. Tumtazame."

Ukasema tena, "Mama mdogo, twende."

Nikasema, "Tekla, usiwe na haraka. Ya kwanza inaweza kudanganya. Tusubiri mpaka jioni."

Ni maneno ya mpira, unayakumbuka? Sikuwa mvivu wala sikuogopa mwendo wa zahanati. Nilidhani nimekua, nimepata akili mpya. Nilijivunia hata ule utulivu wangu.

Na jioni alituletea hatua ya pili, ikawa ndiyo ya uongo. Alikuja kibandani mwenyewe kwa miguu yake, akala matonge mawili ya ugali, akakutania kuhusu jino lako lililong'oka. "Wewe, ukicheka upepo unapita." Ukacheka. Mimi nikakutazama kama kukuambia, unaona? Asubuhi hakutujua majina. Nikamwita mtu mwenye pikipiki, akaja, tukamkalisha katikati yangu na dereva, nikamfunga kwa kitenge kiunoni mwangu, na wewe ukabaki kwa jirani. Alifariki hospitali mjini saa tisa alasiri. Ni malaria iliyopanda kichwani. Mganga aliniuliza imeanza lini. Nikasema jana. Akaandika, na sikuthubutu kumuuliza kama jana mchana ingetosha. Sijui mpaka leo. Sikuandikii kwamba ningemwokoa, kwa sababu silijui hilo. Ninalolijua ni kwamba hatukujaribu, na sababu ni mimi.

Halafu msiba. Watani wetu walikuja kama kawaida yao, wakaingia uani wakipiga madebe na kupiga miluzi wakijifanya wanafukuza ndege. "Nyie mnalia humu ndani, mpunga wa Devota umeshaliwa wote! Hebu huyu marehemu aamke akaamie!" Watu wakacheka huku wanafuta macho, maana ndiyo kazi ya watani, kuwapumzisha watu na kilio. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nawe ukiwa umeegemea mapajani mwangu. Sikucheka wala sikulia. Nadhani ganzi ilianzia hapo, kwenye sauti ya yale madebe.

Jioni yake bibi alituita. Alikuwa ameishiwa sauti. Alituuliza, sisi wawili, "Mlikuwa naye siku nzima. Hamkuona kitu?"

Ulifungua mdomo. Nilikuona, nilikuwa nakutazama kwa jicho la pembeni. Nikawahi mimi. Siku hiyo sikusubiri. Nikasema, "Hatukuona kitu, mama. Alikuwa mzima."

Ukafunga mdomo.

Huo ndio uongo ninaokuandikia. Sijui kama unaukumbuka kwa maneno, lakini mwili wako unaukumbuka. Uliona, ukasema, mtu mkubwa akakuambia subiri. Halafu mtu huyo huyo akasema mbele ya bibi yako kwamba hukuona kitu. Mtoto afanye nini na macho yake baada ya hapo? Ndiyo maana unasimama. Kila unapoona, kuna sauti yangu inasema tumtazame kwanza.

Kisha nikaiongeza. Mwaka jana nilipoanza kukufundisha namba sita kule uwanjani, somo la kwanza nililokupa ni hilo: usiende kwenye hatua ya kwanza. Pale ulipokwenda haraka nilikupigia mluzi nikakurudisha. Siku moja ulimnyang'anya Asha mpira kabla hajaupokea vizuri, watoto wakashangilia, nami nikakuita pembeni nikasema umebahatisha. Haikuwa bahati. Ulikuwa umemsoma Asha tangu alipotazama begani. Nilikuambia umebahatisha kwa sababu kukuona ukienda kwa uhakika namna ile kulinichoma mahali. Ni kitu cha mwisho ninachokumbuka kukihisi kwa nguvu, na kilikuwa kibaya.

Nimefikiri sana nikupe neno gani la kwenda nalo, na sina neno zuri. Siwezi kukuambia nenda daima, maana kuna namba kumi wengi duniani, watakuvuta kushoto wapite kulia, na utafungwa magoli kwa ajili hiyo. Siwezi kukuambia subiri. Ninaloweza kukuambia ni hesabu niliyoifanya mwenyewe kitandani. Niliwahi kwenda mapema tukafungwa goli moja. Wenzangu niliocheza nao hawalikumbuki tena, nimewauliza. Niliwahi kungoja, na unajua. Yote mawili ni makosa, lakini hayana uzito mmoja, na mimi niliyapima kwa mizani mbovu kwa sababu lile la kwanza lilikuwa na mashabiki na la pili lilikuwa na sisi watatu tu.

Ukifika huko usiwaambie mimi ndiye mwalimu wako. Mwambie yule kocha aje na pumba, au majivu, au unga, akutazame miguu. Utaona hatua yako ya kwanza bado inakwenda mbele, ni ya pili ndiyo inayokatika. Nimeinama nikazitazama nyayo zako kwenye matope ya uwanja wetu wiki iliyopita, baada ya wewe kwenda nyumbani. Mguu unatoka vizuri, kisha kisigino kinazama. Pale kinapozama ndipo mimi nilipo. Nitoe hapo.

Nilipanga kuiweka barua hii chini kabisa ya begi, ndani ya soksi, uikute huko mbali, na mimi niwe huku nafua nguo. Nimekaa muda mrefu na kalamu mkononi nikifikiri hivyo. Kisha nimesikia bibi anapepeta mchele uani, na nikaona kwamba nakufanyia tena lile lile, nakupa ukweli halafu nakuacha nao peke yako mahali ambapo huna wa kumwambia. Uongo niliusema kwa bibi. Kwa bibi ndiko unakopaswa kufutwa. Nakwenda. Nikirudi nitamalizia.

Nimerudi. Mwandiko umeharibika kidogo, naandika haraka, nisamehe.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anatoa chuya. Nilisimama mbele yake kama mtoto aliyevunja sahani.

"Nini?" akasema. "Umeshapiga pasi ile sare ya Tekla?"

"Mama, siku ile msibani ulituuliza kama tuliona kitu."

Vidole vyake viliendelea kuchagua.

"Nilisema hatukuona. Tuliona, mama. Tekla ndiye aliyeona. Alikuja mbio kuniambia, akasema tumpeleke. Akasema mara mbili. Mimi nikamwambia tusubiri."

"Aliona nini?"

"Kwamba Devota anawatazama ndege na hawaoni."

Aliweka ungo chini. Kuku wakausogelea, hakuwafukuza.

Akasema, "Mwaka na nusu huyu mtoto analala kitandani kwangu. Kila usiku anaamka, ananiwekea kiganja puani. Anasikiliza kama napumua. Mimi nampiga mkono, namwambia acha utundu, lala. Nampiga mkono."

Sikuwa nalijua hilo, Tekla. Tunalala nyumba moja na sikulijua.

Nikamwambia, "Nipige mimi, mama."

"Wewe nitakushughulikia wiki ijayo," akasema. "Wewe upo." Kisha akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akanitazama, na hakunitazama kwa hasira, wala kwa huruma pia, alinitazama tu kama mtu anayetaka kuhakikisha nani yuko mbele yake. "Sitaki kusikia hii habari kutoka kwako tena. Nataka kuisikia kwa huyo aliyeona. Anieleze mwanangu alikaaje, ndege walikuwa wapi, alimwambia nini. Yote. Kabla hajapanda basi. Na nikishamsikia nitamwambia mwenyewe kwamba alisema kweli. Mlete."

Nasikia sauti zenu mnakuja barabarani, wewe na wenzako, mnagombania kitu. Nitakupa karatasi hizi mkononi, hapa mlangoni, na nitakaa kitandani wakati unasoma. Sitakutazama usoni kukisia unafikiri nini. Leo sitaki kukisia. Ukitaka kurudi kuniita mama mdogo, niite. Ukitaka usiniite kitu, ni haki yako, na sare yako nitakuwa nimeipiga pasi vile vile.

Bibi yuko uani, anakungoja. Ukimaliza mstari huu nyanyuka uende. Usinisubiri.

Mama yako mdogo,
Editha